Je, Wajua? Mwandishi, Nabii na Maji ya Yakan

Je, wajua kwamba barabara inayotoka Koboko mjini, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ikapita Kuluba na kuvuka mpaka wa Oraba, ndiyo inayokufikisha Yei, Sudan Kusini, mji alikonyongwa nabii Rembe mwaka 1917? Rembe alikuwa Mkakwa, na kazi yake ilikuwa kugawa maji. Aliyeyanywa aliambiwa kwamba hatakufa, risasi za serikali zitageuka maji, mababu waliozikwa na ng'ombe waliokufa watafufuka, na kodi hatailipa tena. Dini hiyo iliitwa Yakan. Wageni walioiandika waliiita pia Maji ya Allah.

Safu yetu leo inaanza na Rembe kwa sababu ya sinema. Kuna filamu za vichekesho zinazopendwa dunia nzima: mwandishi wa habari anajifanya muumini, anaingia kwenye kundi la kiroho lenye kiongozi wa maneno matamu, anavaa kama wafuasi, anaimba kama wao, na usiku anajificha kuandika aliyoyaona mchana. Watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini kila nikizitazama nawawaza wazee wa West Nile, waliokuwa na nabii wa kweli, na katika siku zao hakutokea mwandishi wa kuketi nao na kuwauliza: mlikuwa mnatafuta nini kwenye maji haya?

Je, wajua kwamba filamu iliyotazamwa sana na inayokaribiana na hizi ilitoka India? Inaitwa PK, ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Rajkumar Hirani. Aamir Khan anaigiza mgeni kutoka sayari nyingine, na Anushka Sharma ni mwandishi wa televisheni. Wawili hao wanambana mbele ya kamera mtu anayedai kusema na Mungu. Kinachonipendeza ni kwamba waumini wa kawaida hawachekwi. Maswali yote anaulizwa mkubwa.

Je, wajua kwamba nchini Uganda filamu za nje kama hii hupata sauti ya pili? Katika vibanda vya video, VJ hukaa na maikrofoni, akatafsiri na kuongeza maelezo yake juu ya sauti ya filamu, ili mtazamaji asiyejua Kihindi wala Kiingereza asipitwe na kitu.

Je, wajua kwamba makala ya kitaalamu kuhusu Yakan ilichapwa London mwaka 1931, miaka 14 baada ya Rembe kunyongwa? Aliyeiandika ni Jack Driberg, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Uganda kabla ya kugeukia taaluma ya mila na desturi za watu. Na hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawajalisikia. Jack alikuwa na mdogo wake, Tom Driberg, na huyo Tom alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1928, akiwa kijana mgeni katika gazeti la Daily Express, alifuatilia kundi jipya la kiroho lililokuwa likiwavuta wanafunzi wa Oxford chini ya mhubiri Mmarekani, Frank Buchman. Habari zake ziliwashtua Waingereza, naye hakuliacha kundi hilo: mwaka 1964 aliliandikia kitabu kizima.

Ndugu wawili wa nyumba moja, kila mmoja na nabii wake. Tofauti yao ndiyo inayoniumiza. Watu aliowaandika Tom walikuwa hai, walisoma gazeti asubuhi, na kama hawakuridhika waliweza kumjibu. Mtu aliyemwandika Jack alikuwa kaburini, na wafuasi wake walikuwa maelfu ya maili mbali na London, hawana gazeti la kumjibia.

Je, wajua kwamba kundi hilohilo la Buchman, lililokuja kujulikana kama Moral Re-Armament, lilitengeneza filamu Afrika? Iliitwa Freedom, ikapigwa Nigeria, waigizaji wake Waafrika, na ikaanza kuonyeshwa mwaka 1957. Baadaye iliwekewa sauti ya Kiswahili na kuzungushwa Kenya kabla ya uhuru. Kumbe kamera haikuwa mikononi mwa wapelelezi wa madhehebu peke yao. Madhehebu nayo yalijua kuitumia, na yaliijua mapema.

Je, wajua kwamba John Middleton, mtaalamu aliyekaa na Walugbara, majirani wa Wakakwa, kati ya 1949 na 1952, alikuta watu wanaosimulia kwamba Wazungu wa kwanza walitembea kichwa chini miguu juu? Walisemekana pia kula watu na kutoweka ardhini wakishambuliwa. Middleton aliyachukua masimulizi haya kwa uzito. Aliona kwamba Mlugbara aliyaeleza mambo ya nje ya ukoo wake kwa kuyapindua: mtu wa nyumbani hutembea wima, mgeni asiyejulikana hutembea kinyume. Makala yake kuhusu Yakan ilitoka mwaka 1963. Napenda kuikumbuka sehemu hii kila mtu anapotaka kutuonyesha kijiji cha "watu wa ajabu". Wakati ofisa anaandika kuhusu kijiji, kijiji nacho kilikuwa kinamtazama ofisa, na kilikuwa na maelezo yake kamili.

Je, wajua kwamba Maji ya Yakan hayakuanza na risasi? Yalianza na magonjwa. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliangamiza ng'ombe, na homa ya uti wa mgongo na ndui zikaua watu. Wazee wa Kilugbara walisikia kwamba kule kwa Wakakwa yuko mtu mwenye maji yenye nguvu, wakafunga safari kwenda kuyatafuta. Walirudi nayo majumbani, wakayanywesha jamaa zao. Watu waliokunywa walikuwa wagonjwa na wenye wagonjwa. Hospitali haikuwapo.

Je, wajua ni watawala wangapi waliopita katika sehemu hizi ndani ya maisha ya mtu mmoja? Mtu aliyezaliwa karibu na Koboko mwaka 1880 aliwakuta askari wa serikali ya Misri chini ya Emin Pasha. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo lote la Lado, na kufikia mwaka 1897 majeshi yake yalikuwa yameshika Rejaf kwenye Mto Nile. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo likarudishwa Sudan, na katika kipindi hicho wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika humo kwa sababu sheria ilikuwa haijashika. Tarehe 1 Januari 1914 West Nile ikahamishiwa Uganda, A. E. Weatherhead akawa ofisa wa kwanza wa wilaya, na Arua ikajengwa kuwa makao. Bendera nne kabla huyo mtu hajafika miaka 35, na karibu kila moja ilikuja na bunduki, na amri ya kubeba mizigo au kutoa chakula. Halafu ikaja kodi.

Ukiijua orodha hiyo, ahadi za Rembe hazishangazi tena. Kila moja ilijibu jeraha fulani. Ng'ombe wamekwisha: watarudi. Wazee wamekufa na kuacha boma bila mwenyewe: watafufuka. Bunduki inatutawala: itatema maji. Kodi inatunyanyasa: haitalipwa. Anayetaka kuandika filamu ya kuchekesha kuhusu Yakan aanzie hapa, na kama bado ataona cha kuchekesha, basi kitakuwa upande wa ofisi ya wilaya, wala si kwenye foleni ya wanywaji.

Je, wajua kwamba wafuasi wa Yakan walifanya gwaride? Walijikusanya kambini, wanaume kwa wanawake, watu wa koo mbalimbali ambao zamani wasingeketi pamoja, wakacheza ngoma, wakaandamana kwa mistari wakishika fimbo kama bunduki. Waliamini kwamba bunduki za kweli zitakuja. Maofisa waliona uasi. Mimi naona watu waliokwisha kujifunza, kwa gharama kubwa, nguvu ya mgeni imekaa wapi: kwenye mstari, kwenye amri, kwenye mtutu.

Je, wajua kwamba kifo cha Rembe hakikuyakausha maji? Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia ilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1919 polisi na wafuasi wa Yakan walipambana upande wa Walugbara, watu wakafa, na serikali ikawahamisha viongozi mbali na nchi yao. Miongoni mwa waliohamishwa walikuwamo machifu wa serikali yenyewe. Hebu fikiri: mtu anakusanya kodi mchana, na maji yanayoahidi mwisho wa kodi anayagawa yeye. Mwandishi yeyote wa tamthilia angemtamani mhusika kama huyo jukwaani.

Je, wajua kwamba Waswahili tayari tunayo tamthilia kubwa kuhusu maji ya aina hii? Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, kuhusu nabii wa Ngarambe na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Hussein hakumfanya tapeli, wala hakumfanya malaika. Alimwandika kama mtu aliyetoa neno, kisha neno likamponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye. Rembe wa Wakakwa anastahili kalamu ya namna hiyo.

Na kwa kicheko, je, wajua kwamba Wole Soyinka alikwishatuonyesha njia? Mchezo wake kuhusu nabii wa ufukweni anayewinda waumini kama mfanyabiashara anavyowinda wateja ulifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Masaibu ya Ndugu Jero.

Je, wajua kwamba wataalamu wa chuo kikuu nao waliwahi kujipenyeza? Mwaka 1954, karibu na Chicago, mwanamke mmoja alitangaza kwamba gharika ingekuja tarehe 21 Desemba, na wafuasi wake wangechukuliwa na chombo kutoka angani. Leon Festinger na wenzake walituma watu wao wakajifanya waumini. Kitabu chao cha mwaka 1956 kilipata sifa duniani. Lakini kitabu chenyewe kinakiri jambo zito: ili wapokelewe, wapelelezi walitunga hadithi za ndoto na maono, na kikundi kikazipokea kama ishara kutoka juu. Basi aliyekuja kupima imani alikuwa ameimwagia mafuta. Miaka 11 baadaye mwandishi Alison Lurie alitunga riwaya ya kejeli, Imaginary Friends, kuhusu wataalamu wawili wanaoingia katika kundi kama hilo, na anayepoteza akili ni mtaalamu.

Mtego huo hauwakabili wataalamu peke yao. Ukitaka kukubaliwa na kundi lazima upige makofi, na kila kofi unalopiga jirani yako analihesabu kuwa ushahidi.

Je, wajua kwamba kuna waandishi waliolipa kwa damu? Tarehe 18 Novemba 1978, huko Guyana, wafuasi wa kiongozi wa kidini Jim Jones walimpiga risasi mbunge wa Marekani Leo Ryan kwenye uwanja wa ndege wa Port Kaituma, pamoja na Don Harris na Bob Brown wa televisheni ya NBC na mpigapicha Greg Robinson. Siku hiyo zaidi ya watu 900 walikufa. Kamera ya Brown iliendelea kurekodi mpaka alipoanguka.

Je, wajua kwamba Kenya ilikuwa na kisa chake mwezi Novemba 2014? KTN ilirusha kipindi cha upelelezi kuhusu Victor Kanyari, mhubiri wa Nairobi aliyewataka waumini watume sadaka ya shilingi 310. Kipindi kilionyesha jinsi pamanganeti ya potasiamu, dawa ya kawaida ya dukani, inavyogeuza maji ya kuoshea miguu kuwa mekundu kama damu. Nchi nzima ilizungumza, vijana wakatunga vichekesho usiku kucha, na mwezi huohuo mwanasheria mkuu akasimamisha usajili wa makanisa mapya. Kazi ya kipindi kile naiheshimu. Nilichosubiri bila kukipata katika vichekesho vile ni mama aliyetuma zile 310: alikuwa anaumwa nini, na kabla ya hapo alikuwa amezunguka hospitali ngapi?

Je, wajua kwamba huko Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kikombe cha dawa kilikuwa shilingi 500 tu za Tanzania? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikigawa, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, na mawaziri wakanywa pamoja na wanakijiji.

Kanungu inataka sauti ya chini zaidi. Tarehe 17 Machi 2000, kusini-magharibi mwa Uganda, wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, na baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za viongozi. Waliokufa ni mamia. Je, wajua kwamba kundi hilo lilikuwa limewahi kusajiliwa rasmi na serikali, na kati ya viongozi wake walikuwamo padri msomi, Dominic Kataribaabo, na mwanasiasa wa zamani, Joseph Kibwetere? Waumini walifundishwa kunyamaza na kuongea kwa ishara. Kwenye kundi kama hilo mwandishi angepata nini, hata angejipenyeza namna gani?

Na Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023: zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ilitolewa msituni. Mackenzie, aliyekana mashtaka ya vifo hivyo, alikuwa amewahi kukamatwa kabla ya hapo, na mahubiri yake yalikuwa yakirushwa kwa televisheni. Yeyote mwenye king'amuzi aliweza kuyasikia bila kujificha. Upelelezi uliohitajika ulikuwa ndugu kupiga simu kituoni na kusikilizwa.

Je, wajua kwamba jeshi la Alice Lakwena lilikuwa na sheria 20? Alice, aliyezaliwa akiitwa Auma, alianzisha mapigano kaskazini mwa Uganda mwaka 1986, askari wake wakipakwa mafuta ya shea ili risasi zisiwaingie. Sheria zilikataza pombe, sigara na wizi, na nyuki na nyoka walihesabiwa kuwa washirika wa vita. Magazeti ya nje yalizishika zile za kuchekesha na kuziacha nyingine. Mtaalamu Mjerumani Heike Behrend alipoandika kitabu chake alizieleza kama mpango wa kuwasafisha askari waliorudi kutoka vitani wakiwa na mikono yenye damu, na vijiji vikiwaogopa. Alice alishindwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987, akafa ukimbizini Kenya mwezi Januari 2007.

Je, wajua kwamba si kila nabii aliyefungwa alisahaulika? Simon Kimbangu, upande wa Kongo, alianza kuponya watu mwaka 1921. Wabelgiji walimhukumu kifo mwaka huohuo, kisha wakakibadilisha kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani miaka 30 hadi alipofia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Mwaka 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Maofisa wa Yei hawakumpa Rembe miaka 30.

Je, wajua kwamba mtu maarufu kuliko wote aliyetoka kwa Wakakwa alikuwa na filamu aliyoielekeza kwa sehemu yeye mwenyewe? Waandishi wa maisha ya Idi Amin hurudia simulizi kwamba mama yake alihusishwa na Yakan. Mwaka 1974 Mfaransa Barbet Schroeder alimrekodi kwa ruhusa yake, na hata muziki wa kodiani uliomo aliupiga Amin. Alipanga matukio, akaigiza mashambulizi, akacheka mbele ya kamera. Wazungu walicheka pia. Huko London, mchekeshaji Alan Coren alikuwa akimwandika kila mara katika jarida la Punch, akitunga Kiingereza kibovu na kukiweka mdomoni mwake. Vicheko hivyo vilisikika wakati watu wanauawa Uganda, na sioni kwamba vilimwokoa hata mmoja. Filamu ilipotoka, Amin alidai sehemu fulani zikatwe. Schroeder alipokataa, Wafaransa waliokuwa Uganda walikusanywa wakazuiliwa hotelini, naye akakata. Alizirudisha sehemu hizo baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979.

Natamani Rembe apate filamu, na iwe ya kuchekesha ikibidi. Iigizwe Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili, kwa kuwa hizo ndizo lugha za watu wa mpaka huu. Wakakwa wako Uganda, Sudan Kusini na Kongo, kwa hiyo waigizaji watapatikana pande tatu. Mwandishi wa kubuni aletwe kutoka London na kalamu yake, asiyejua kusalimia, anayeandika kabla hajauliza. Apelekwe kwa mwanamke aliyezika watoto kwa homa ya uti wa mgongo na ambaye ameshika kibuyu cha maji mkononi. Huyo mwanamke apewe jina, apewe nyumba, na apewe maneno mengi kuliko mwandishi.